Nyekundu ya roho, nyeupe ya keki

BARUA

Bi Mshauri, assalaam aleikum. Shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nina miaka 38, naishi Fuoni na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6. Jioni na siku za mapumziko natengeneza keki za harusi. Keki hizo ndizo zilizonifikisha kwenye hili ninalokuandikia.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu ya upatu. Tuko 24, tunatoa laki tatu kila mwezi, kwa hiyo nimepokea milioni 7 na laki 2. Nikichanganya na akiba ya keki ya miaka minne, nina milioni 16. Pesa ni yangu, na mume wangu hana neno juu ya hilo. Nataka gari, kwa sababu hadi leo keki nazipeleka kwa teksi huku nimezipakata, na kila tuta nasoma dua.

Nimeona gari mbili. Ya kwanza ni Mini Cooper ya 2008, nyekundu yenye paa jeupe, milango miwili, otomatiki, si ile ya tabo. Mwenyewe anataka milioni 14 na nusu. Nimeshakwenda kuiangalia mara tatu. Ina taa za mviringo, na geji kubwa ya spidi katikati ya dashibodi kama sahani ya ukutani. Nikikaa ndani sitaki kutoka. Katika maisha yangu sijawahi kununua kitu kwa sababu tu ni kizuri.

Ya pili ni Toyota Probox ya 2010, nyeupe, ile ya van. Bei milioni 15 na laki 2. Umbo lake kama debe la biskuti. Mume wangu anasema hiyo ndiyo gari: spea ziko kila duka, kila fundi anaijua, keki inaingia na ngazi zake zote. Ile nyekundu anaiita "gari ya kuchezea". Wifi yangu naye anasema mwalimu mzima hawezi kushuka skuli kwenye gari ya kubebea samaki.

Safari zangu ni hizi: skuli kila siku na watoto, keki mbili au tatu kwa wiki, nyingi Mjini, mara mbili hivi kwa mwezi hoteli za Paje na Jambiani. Na mama yangu yuko Makunduchi, magoti yanamsumbua, kila mwezi namleta kliniki Mjini. Mimi naona gari ndogo itapita vizuri barabara nyembamba za Mji Mkongwe, na itakula mafuta kidogo.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Ukoo wa mume wangu ni mkubwa, na ni watu wema, sina ugomvi nao. Lakini najua Probox ikisimama mlangoni petu itakuwa gari ya wote. Masufuria ya hitma, magunia ya mbatata kutoka Mwanakwerekwe, shemegi anahamisha kitanda. Mimi sijui kukataa. Ile nyekundu hakuna atakayeiomba kubebea saruji. Je, huu ni ubinafsi?

Mama Keki, Fuoni


JAWABU

Waalaikumu salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako ina maswali mawili uliyoyafunga kanga moja. Moja ni gari ipi inafaa kazi zako. La pili ni vipi mtu awe na kitu chake katika nyumba ya watu wengi. Nitayafungua mbalimbali, maana hofu yangu ni kwamba unatumia la kwanza kujibu la pili.

Kwanza hilo la Mji Mkongwe, kwa sababu unalitegemea na halina nguvu. Mini ya mwaka huo ina upana wa kama mita 1.68 bila vioo vya pembeni. Probox nayo ni kama mita 1.69, kwani Japani gari ya daraja dogo haitakiwi kupita mita 1.7 kwa upana, na Probox imekatwa kwa kipimo hicho. Tofauti yake haifiki upana wa kidole. Uchochoro utakaoikwamisha moja utaikwamisha na ya pili, na vichochoro vingi vya mji ule havipitiki kwa gari yoyote: utaegesha Darajani au Malindi na keki itakwenda mikononi. Mini inashinda kwa urefu, mita 3.7 kwa 4.2. Nusu mita hiyo utaifurahia ukitafuta pa kuegesha.

Mafuta nayo yasikudanganye. Injini ya Mini ni lita 1.6, ya Probox ni 1.5 (zipo na za 1.3). Japani Mini hujazwa petroli ya daraja la juu na Probox ya kawaida. Umbo dogo halina maana ya tumbo dogo.

Sasa tumgeukie mume wako, naye ana dhana ya kupimwa. Probox ya van imeundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au 250 ikiwa na watu watano. Springi za nyuma ni za uzito huo. Wewe utapakia keki ya kilo 12. Gari ikiwa tupu nyuma inarukaruka, na keki ya ngazi tatu iliyopangwa tayari inaweza kupasuka krimu kabla hujafika Tunguu. Dawa ipo: kila ngazi katika boksi lake, unazipandanisha huko huko ukumbini, chini tandika mpira usioteleza, na upepo wa tairi usiachwe kwenye kipimo cha mzigo kamili, soma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa upande mzuri, viti vya nyuma vikilala unapata sakafu iliyo sawa ya karibu mita 1.8. Buti la Mini ni kama lita 160, na viti vyake vikilazwa sakafu inabaki na mwinamo. Krimu ya siagi kwenye mwinamo, Januari, kaskazi inavuma kwa joto lake, unajua mwenyewe inafanya nini. Boksi la inchi 16 ni kama sentimita 41 kila upande. Chukua futi ukapime mlango wa buti, usipime kwa macho, macho yako yameshapenda.

Mama. Kwenye gari ya milango miwili atakaa mbele, na milango yake ni mirefu na mizito. Mtoto akitaka kushukia upande wake, mama lazima atoke kwanza ili kiti kikunjwe. Kwa mwenye magoti mabovu, huko ni kupanda na kushuka mara mbili badala ya moja. Probox haimpi taabu hiyo mbele, lakini kiti cha nyuma cha van ni chembamba, kimesimama wima, na miguu inabanwa. Watoto watavumilia, mtu mzima hadi Makunduchi atalalamika. Ile Probox ya abiria, iliyotengenezwa hadi 2013, ina kiti bora zaidi. Uliza umeonyeshwa ipi.

Tuje kwenye afya ya hiyo nyekundu. Hakikisha kweli ni ya 2008, kwa namba ya chesisi na si kwa maneno. Mini Cooper za 2001 hadi 2006 za otomatiki zisizo na tabo zilikuwa na giaboksi ya mkanda wa chuma yenye sifa ya kufa mapema. Za baada yake zina giaboksi ya gia 6 ya kawaida, hiyo inavumilia. Ugonjwa wa hiyo ya 2008 uko injini, na unaanzia kwenye oili. Cheni ya taimingi, inayopanga mwendo wa valvu za injini, hukazwa na kikazio kinachosukumwa na presha ya oili. Injini hii hubeba kama lita 4.2, na ikizeeka inakula oili. Mwenyewe asipopima, oili inashuka, kikazio kinalegea, cheni inapiga reli zake za plastiki hadi zinavunjika. Ndiyo maana mwenye gari hiyo hupima oili kila kilomita 1,000 au kila akijaza mafuta.

Kuna na maji. Nyumba ya thamostati, kifaa kinachoongoza maji ya kupoza injini, ni ya plastiki, inapasuka kwa joto la miaka na kuvuja taratibu. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wameshanunua: dashibodi ile uliyoipenda, pamoja na sahani yake kubwa, haina geji ya joto la injini. Kuna taa tu ya onyo. Taa ikiwaka, injini imeshachemka, na kama uko katikati ya njia ya Paje una dakika, si nusu saa. Zaidi ya hayo, maji ya visima vyetu yana chokaa, kila mwenye birika anajua, na muuzaji anayejazia rejeta maji ya kisima anaijenga chokaa hiyo ndani ya injini. Kopo la maji hayo likifunguliwa injini ikiwa baridi, tazama: kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea, ina rangi safi. Maji ya kutu au meupeupe yanasema gari imekuwa ikiongezwa maji, na mtu haongezi maji ila yanapotea.

Tairi: Mini nyingi hazina tairi ya akiba kwa sababu zimetoka na tairi zinazotembea bila upepo, kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Kwa Unguja, ambayo haifiki kilomita 90 kutoka ncha hadi ncha, ungefika nyumbani popote ulipo! Lakini tairi hizo ni ghali na ngumu, nazo zitaitikisa keki vilevile. Wengi zikiisha wanafunga za kawaida, na hapo gari haina hiki wala kile. Tazama ubavuni mwa tairi.

Probox haina siri nyingi, injini yake imeenea na ikibadilishwa oili kwa wakati inakwenda. Hatari yake ni historia. Japani ni gari ya kampuni, inazunguka kutwa, na namba za kilomita hurudishwa nyuma. Usisome geji, soma mpira wa pedeli ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva: gari ya kilomita 70,000 haiwi na pedeli iliyolika hadi chuma. Kisha ilale chini ya jicho la fundi, kwani mikoa ya theluji kule hutia chumvi barabarani, na mabomba ya breki yanaanza kuoza kabla haijapanda meli. Huku inaongezewa chumvi yetu. Kila ukirudi Paje au Jambiani, gari yoyote utakayonunua, iosheni chini kwa maji baridi, hasa matao ya tairi za nyuma, na zibueni vitundu vya kutolea maji chini ya milango.

Spea, badala ya kubishana nyumbani, zifanye karatasi. Andika vitu vitano: pampu ya maji, nyumba ya thamostati, shokapu mbili za mbele, breki pedi, taa moja ya mbele. Ulizia bei za gari zote mbili, kwanza hapa Unguja, halafu kwa mtu wako aliyeko Kariakoo. Pembeni ya bei andika siku. Kitu kilichopo Dar kinavuka kwa boti kesho yake. Kinachoagizwa nje kinakuja kikitaka, na harusi ya Jumamosi haikisubiri. Unaweza kukuta pengo ni dogo kuliko asemavyo mume wako. Unaweza pia kukuta ni kubwa kuliko unavyotaka wewe.

Na hesabu moja hukuiandika. Ukinunua Mini unabakiwa na milioni moja na nusu. Ukinunua Probox, laki nane. Humo mna kuhamisha umiliki, bima, oili na filta zote, huenda na tairi nne na betri. Kwa Mini ya umri huo, cheni au giaboksi ikianza kulalamika, milioni moja na nusu ni kianzio tu. Kwa Probox, laki nane nazo ni chache. Je, mmoja kati ya hao wauzaji anaweza kushuka? Au keki za miezi minne zingine zisubiriwe?

Halafu, ni nani aliyesema gari ni mbili? Toyota Raum iliyotoka 2003 ina injini ya ukoo ule ule wa Probox, na upande wa kushoto haina nguzo ya kati: mlango wa mbele unafunguka, wa nyuma unateleza, uwazi mmoja mpana. Sisi tunaendesha kushoto, basi uwazi huo unaelekea ukingoni mwa barabara, mama anaingia kama anaingia sebuleni. Hatari yake ni mlango wenyewe, roda na waya zake zinachakaa, ufungue na uufunge mara kumi. Ipo na IST, umbo lake lina mvuto na spea zimejaa. Huenda hakuna inayokutia shauku hata moja, na hilo nalo ni jibu la kulisikiliza. Umesema hujawahi kununua kitu kwa sababu tu ni kizuri. Mtu aliyepakata keki kwenye teksi miaka minne hastahili kuonewa haya kwa sentensi hiyo.

Sasa ukoo. Umeuliza kama ni ubinafsi. Mimi nakurudishia swali jingine: una hakika gani kuwa nyekundu haitaombwa? Saruji hawataileta, kweli. Lakini gari nyekundu ya paa jeupe, ikipambwa maua, kila bibi harusi wa ukoo ataitaka, na hiyo ni harusi ile ile ambayo wewe una keki ya kupeleka. Halafu watakuja wapwa kutaka kupiga picha, na kijana aliyepata leseni juzi kutaka kuijaribu. Unatarajia gari ikatae kwa niaba yako, na gari haina mdomo.

Ndiyo maana naona mazungumzo na mume wako yaje kabla ya fundi. Yeye anatetea spea kwa sababu anadhani ubishi ni wa spea. Mwambie ulichoniambia mimi, kwa upole huo huo, pamoja na hilo la kuwa ni watu wema. Mnaweza kukubaliana kwamba ufunguo unakaa kwako. Dereva ni wewe, au yeye ukimpa. Maziko na mgonjwa haviulizwi, ni ndiyo wakati wowote. Mizigo ni siku moja kwa wiki isiyo ya keki, na mwenye mzigo anatia mafuta. Mwenye kuwaambia ndugu zake awe yeye, maneno hayo yakitoka kwako yatageuka maringo. Na bima iwe sehemu ya mazungumzo: bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu, gari yako haitengenezi. Shemegi akiigonga ukutani, atalipa shemegi au utalipa wewe?

Makubaliano haya yana gharama. Kwa muda watu watasema. Kama mume wako ni mtu wa kuona aibu mbele ya ndugu zake, atakubali chumbani na kulegea ukumbini, na hapo utabaki na Probox yenye kinyongo. Unamjua kuliko mimi. Lakini ukiinunua Mini bila kuyasema hayo, kila ikipelekwa gereji utasikia "nilikwambia", na hutoweza kumjibu kwa sababu yako ya kweli, maana hukumpa.

Fanya hivi wiki mbili hizi. Chukua daftari la skuli, andika kila safari: nani alikuwemo, nini kilibebwa, wapi uliegesha. Wewe umenipa safari za kukumbuka, nataka uone za kuhesabu. Kisha mpigie muuzaji wa ile nyekundu, mwambie utakuja saa moja asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya bonneti. Ikiwa ya moto, mshukuru na urudi siku nyingine. Fundi achomoe kwanza stiki ya oili, ndipo iwashwe, nanyi nyamazeni sekunde kumi za mwanzo: cheni iliyolegea inasikika kama minyororo ndani ya kopo. Iachwe inanguruma dakika 20 kiyoyozi kikiwa kimewashwa, feni ijiwashe yenyewe, na mashine ya kusomea kompyuta ya gari ichomekwe. Mashine isisome makosa tu, ionyeshe pia kama yalifutwa karibuni. Halafu iendeshe taratibu usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, kulia na kushoto, ukisikiliza mlio wa kokoto kwenye magurudumu. Jioni yake kaifanyie Probox hayo hayo, usiipunguzie hata moja kwa kuwa huipendi.

Na safari hiyo usiende na wifi. Nenda na mama yako, na boksi moja tupu la inchi 16.